Chumvi ya Barwako

Juzi binti yangu alirudi kutoka dukani na paketi ya chumvi iliyotoboka pembeni bila mwenyewe kujua. Kuanzia langoni hadi mlango wa jikoni palikuwa na mstari mwembamba mweupe, na mbuzi wa jirani alikuwa ameshaufikia, anaulamba kama aliyealikwa karamuni. Watoto walicheka. Mimi nilimtimua mbuzi yule kwa fagio, kisha nikaanza kuifukia chumvi kwa mchanga, nikiusukuma kwa kiatu mpaka weupe wote ukapotea. Mume wangu akaniuliza, "Huyo mbuzi amekukosea nini?" Nikamwambia aniache. Yeye nitaishi naye kesho na keshokutwa, anitazame usoni kila asubuhi. Ninyi nitawaambia, maana mkishasoma mtaondoka.

Sisi tulikuwa watu wa ngamia, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Garissa. Barabara ya lami ilitukuta nikiwa na miaka minane. Hatukuiomba wala hatukuikataa. Waliofurahi kwanza walikuwa swala.

Watu wa mjini hudhani mnyama wa porini huogopa barabara. Wapi! Lami hainywi maji. Mvua ikidondoka hata ya kulowesha kofia tu, maji yote huteremka kandokando, na pale ndipo majani huchipua wakati kwingine kote ni vumbi na miiba. Basi swala walikuja alfajiri, wakaja tena jioni kabla ya magharibi, nami nikichunga mbuzi nilikaa juu ya kichuguu nikawasoma kuliko nilivyowahi kusoma kitabu chochote. Nilijua kwamba wa kwanza akivuka, hujamaliza. Wa pili yuko nyuma ya kichaka, na huyo lazima avuke hata kama gari limeshafika, kwa sababu kubaki peke yake kunamtisha kuliko lori. Akipigiwa honi husimama katikati kabisa, masikio juu, kama mwanafunzi anayengoja swali lirudiwe. Na ukidhani sasa atamalizia zile hatua mbili zilizobaki, la, anageuka kurudi alikotoka. Baba yangu alikuwa akisema, "Swala ana miguu minne, na kila mguu una rai yake."

Baba nilimwita aabo, kama tuitavyo sisi Wasomali, naye aliniita aabo vilevile. Kwetu mzazi humrudishia mtoto jina lile lile analoitwa. Mtoto akiitwa hivyo hujiona mtu mkubwa.

Kisha ukame ukaja, ule wa kutotubakishia kitu. Zizi lililokuwa na ngamia kumi na wanane likabaki na mmoja, Barwako, jina lenye maana ya neema. Ndama wake alikufa lakini maziwa hayakukatika, na maziwa hayo ndiyo yaliyomweka hai mdogo wangu Abdi, kwani ya hooyo, mama yetu, yalikuwa yamekauka. Kibuyu cha asubuhi kilikuwa cha Abdi, cha jioni tukagawana wengine. Watu wazima wanne na watoto watatu walimtegemea mnyama mmoja, na kila mtu pale bomani alilijua hilo hata kama hakulisema.

Siku moja gari dogo likamgonga swala mbele ya macho yangu, likaenda zake. Nilipiga ukelele. Aabo akaja mbio na kisu, kwa sababu nyama ya kibudu ni haramu, na mnyama lazima umuwahi roho ikiwa bado imo. Alimuwahi. Bismillahi, Allahu Akbar, na usiku huo tukala nyama. Mnajua ilikuwa aibu gani? Kwetu anayekula swala ni mtu asiye na mifugo, na watu hao husemwa kwenye visima. Aabo alikula ameupa mlango mgongo. "Hatukuwinda," alimwambia hooyo, kama mtu anayejitetea mbele ya baraza. "Mungu ndiye ameleta." Lakini hooyo alicheka siku ile, akalamba vidole, na mimi nilikuwa sijamwona akicheka tangu kisima kikauke.

Nikataka acheke tena. Hiyo ndiyo sababu yangu, sina nyingine.

Nilijua swala wanapenda nini kuliko majani. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mfuko wa chumvi ya mawe, chumvi ya Barwako, maana ngamia asipopata chumvi hukonda na maziwa yake huwa mepesi. Nikawa nachota konzi mbili za mkono, naziponda, nazinyunyiza ukingoni mwa lami pale kwenye kona, ambapo dereva haoni mbele. Kisha napanda kichuguu changu, nangoja. Wakaja, bwana! Wakaja wawili wawili, wakalamba huku magari yakipita, na wa pili akafuata wa kwanza kama kawaida yao. Ndani ya majuma machache aabo alikimbia na kisu mara tatu, na mara mbili akawahi. "Aabo," aliniambia mbele ya watu, "macho yako ni ya tai." Nilivimba kichwa mpaka nikakataa kucheza na wenzangu.

Mfuko ulipokuwa ukipungua, aabo aliutikisa akashangaa. "Panya wa mwaka huu wanakula chumvi," alisema. Akaanza kumpunguzia Barwako ili ifike mwisho wa mwezi. Kwa hiyo nilimwibia yule mnyama chumvi, kisha akanyimwa hata ile iliyosalia. Sikuliona hilo. Nilikuwa na miaka kumi, na hesabu zangu zote zilikuwa za swala.

Asubuhi ile hooyo alikwisha kukamua. Barwako aliachiwa aende malishoni, na mimi nilikuwa kwenye kichuguu tayari. Lori la kabichi kutoka bara lilikuwa linakuja, nikalisikia kabla halijatokea konani. Swala wa kwanza akavuka. Dereva akafunga breki, akamkosa, akaachia tena, kwa sababu hakuna aliyemfundisha kungoja wa pili. Wa pili akatoka. Dereva akamhurumia, akakata usukani kumkwepa, na pale alipokatia ndipo Barwako alipokuwa ameinamisha shingo, analamba chumvi yake mwenyewe.

Swala yule aligeuka akarudi kichakani. Hakupata hata mkwaruzo.

Aabo alikuja na kisu kile kile. Miguu ya mbele ya Barwako ilikuwa imevunjika yote miwili, naye alikuwa akijaribu kuinuka. Sitasimulia sauti yake. Aabo alimchinja huku akimwita kwa jina.

Majirani walikuwa wamejaa. Desturi inajulikana hata na madereva: ukimuua ngamia barabarani, gari halitoki mpaka wazee wakae na mwenye ngamia alipwe. Mzee Gedi, jirani yetu, alikuwa ameshakalia bampa. Dereva, kijana wa Kimeru, akamwambia aabo, "Mzee, nisamehe, nilikuwa nakwepa swala. Sema bei, nimpigie mwenye lori."

Aabo alitembea ukingoni mwa lami akasimama, akachuchumaa. Kisha akaanza kusukuma mchanga kwa kandambili yake, taratibu, huku na huku. Niliwaza, anafukia damu. Alipoinuka alisema kwa Kiswahili chake, ambamo p zote zilikuwa b, "Hakuna bei. Wewe hakuna makosa. Mungu ndio amebanga. Enda, na enda bole bole."

Mzee Gedi aliruka kama aliyekalia kaa. Alimwita aabo mwendawazimu mbele ya wanawake. Hooyo alijitupa chini akashika matairi, akamwonyesha dereva mtoto wake Abdi aliyembeba mgongoni, akauliza kwa Kisomali huyu atakula nini. Dereva hakuelewa neno hata moja lakini alilia. Alitaka kutushushia hata gunia la kabichi, na aabo akalirudisha garini kwa mikono yake. Tulipogawa nyama, kipande cha mafuta ya nundu, ambacho ni cha mgeni wa heshima, alikiweka kwenye sahani yangu. Nilikitapika nyuma ya nyumba.

Mwezi haukuisha, tukahamia Garissa. Abdi aliponea uji wa kugawiwa. Aabo, mtu wa ngamia kumi na wanane, alipewa rungu na koti lenye mikono mifupi akalinda duka la mabati la mtu mwingine hadi uzeeni. Jina lilimfuata mjini: yule mjinga aliyesamehe lori. Hooyo alilitumia pia, kila chungu kilipokuwa kitupu. Aabo alijibu tu, "Mungu amepanga." Shuleni mwalimu wetu alitufundisha methali, mchuma janga hula na wa kwao, akanitaka niitolee mfano. Nilisema siufahamu.

Na kulikuwa na kitu kimoja tulichokidhani ni wazimu wa uzee. Sukari, majani ya chai, mafuta ya taa, vyote nilitumwa mimi. Chumvi alikwenda kununua mwenyewe. Hata goti lilipoharibika alichukua fimbo akachechemea hadi dukani. Hooyo alikuwa akimcheka.

Juzi, kiatu changu kikisukuma mchanga pale mlangoni, niliiona ile kandambili ya aabo. Nikakumbuka damu ilikuwa wapi. Barwako alirushwa na lori, akaangukia upande wa pili wa barabara, na damu yote ilikuwa huko. Upande ule aliochuchumaa aabo haukuwa na tone. Alichofukia ni chumvi yangu, kabla Mzee Gedi hajaiona. Na malipo aliyakataa kwa sababu kosa halikuwa la yule kijana, na kusema lilikuwa la nani hakuweza.

Siku zake za mwisho hakuweza kusimama. Hooyo alimpikia uji, akaonja, akaniambia, "Kimbia dukani, chumvi imekwisha." Nilikuwa nimeshavaa viatu. Aabo akanyoosha mkono kutoka kitandani akamshika hooyo nguo. "Mwache mtoto," alisema. "Sitaki chumvi."

Aliunywa uji ule bila chumvi siku tisa. Nilikaa kando yake siku zote tisa, akaniita aabo, nikamwitikia aabo, na sikumwambia neno. Nilidhani ulimi wake umechoka. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba sikutumwa.