Dakika Kumi za Mama Zamu

Saa moja kasorobo asubuhi, kengele bado haijalia, mama mmoja mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi amepiga magoti sakafuni akipangusa viti viwili. Kimoja ni cha kawaida. Kingine ni kidogo, mtu mzima akikikalia magoti yanamgusa kidevu. Chumba hiki kilikuwa stoo ya vifaa vya michezo, na hata baada ya miaka minne bado kinanuka mipira.

"Mwanzoni nilikuwa napulizia manukato," anasema huku akicheka. "Nimeacha. Mtoto akiingia akasikia harufu ya mpira, anajua hapa si mahali pa kuchapwa."

Yeye ni mshauri nasaha wa shule yenye chekechea, msingi na sekondari ndani ya uzio mmoja. Wanafunzi ni 612. Mshauri ni mmoja. Kuanzia vitoto vya miaka minne hadi vijana wa kidato cha sita wenye ndevu, wote humwita Mama Zamu.

Jina hilo alijitafutia mwenyewe. Alipoanza kazi, mlango wake uliogopwa kama chumba cha sindano. Aliyeonekana akiingia ilijulikana ana kesi: ameiba, amepigana, au kwao kumeharibika. Muhula wote wa kwanza walikuja wanafunzi tisa, na wanne kati yao walikuwa wanatafuta maktaba.

"Nikaona hapa nitazeeka nikihesabu mbu," anasema. "Mficha uchi hazai, sawa, lakini na wewe usimvue mtu mbele ya umati. Nikasema basi, waje wote. Mwenye shida aje, asiye na shida aje. Kila mtu dakika kumi, kila muhula. Wote wakiwa na kesi, nani atamcheka nani?"

Ili kusiwe na kutangazana majina, huita kwa namba ya rejista. Kiranja hupewa kikaratasi, anasoma namba, mwenye namba anainuka. Wadogo huchora. Wakubwa huulizia vyuo na kazi za kusomea. Wapo wanaomwaga yaliyowajaa moyoni, na wapo wanaokuja kushitaki tu kwamba dada zao wanavaa soksi zao.

Watu wengi wanaupenda utaratibu huu. Halafu yuko mwalimu wa hisabati.

"Wanafunzi 612 mara dakika kumi," anasema mwalimu huyo, vidole vyeupe kwa chaki, "ni saa mia moja na mbili kila muhula. Hesabu haifundishwi kwa soga, ndugu mwandishi."

Hana roho mbaya. Wanafunzi wake wanafaulu, na kila anapofika kwenye kiini cha somo mlango hugongwa: namba kumi na saba, zamu. Alilalamika kwa mwalimu mkuu, mwalimu mkuu akalipeleka shauri kwenye kamati ya shule. Leo saa nane mchana kamati inakaa kuamua: zamu ziendelee, au mlango urudi kuwa wa wenye kesi peke yao.

Mama Zamu hafichi hofu yake. "Usiku nimejigeuza kama chapati," anakiri. "Wakizifuta, wataacha kuja, na wataanza tena kunyamaza. Mtoto akinyamaza sisi tunasema ana adabu. Kumbe anazama."

Kinachompa moyo ni kosa alilolifanya mwenyewe muhula uliopita. Kwa kawaida Jumatatu ni ya chekechea na Jumanne ni ya kidato cha pili. Wiki moja Jumatatu ilikuwa sikukuu, naye akawahamishia watoto wa chekechea Jumanne, akasahau kwamba Jumanne ina wenyewe. Kila rejista huanzia namba moja. Basi alipoita namba thelathini na moja, wakaja wawili.

Mmoja alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, mrefu hata wenzake wakamwita Mlingoti. Alikaa nyumbani miaka mitatu akimuuguza mama yake. Mama alipopona, binti akarudi darasani na kujikuta miongoni mwa watoto wa rika la mdogo wake. Alishaamua kwamba mwezi ukiisha anaacha shule.

Wa pili alikuwa na miaka mitano. Kwao wanamwita Chiriku kwa sababu anaongea bila kituo. Lakini shuleni, wiki sita tangu aanze, hakuna aliyewahi kuisikia sauti yake.

Mama Zamu alitaka kumrudisha mmoja wao. Kabla hajafungua kinywa, Mlingoti, kwa aibu, alikuwa ameshajikalisha kwenye kiti kilichokuwa karibu naye. Kile kidogo.

"Mtoto akamtazama kutoka chini mpaka juu," anasimulia, machozi ya kicheko yakimlenga. "Akasema, 'Dada, hicho changu. Utakivunja.' Wiki sita, mwenzangu! Na mimi nilishaandika barua ya kuwaita wazazi wake."

Mlingoti aliinuka akaomba radhi. Chiriku akakaa, akaanza kumweleza jinsi kiti kinavyokaliwa, kisha habari za paka wao, kisha za mjomba wake anayekoroma, mpaka dakika kumi zikaisha. Mlingoti hakupata nafasi ya kusema lake. Kesho yake alirudi bila kuitwa.

Wakati wa mapumziko tunamkuta nje ya darasa la chekechea akimfunga Chiriku kamba za viatu.

"Nilirudi kuuliza yule mtoto anafika saa ngapi," anasema. "Kumbe anafika mapema kuliko wote, baba yake anawahi kazini, anabaki peke yake pale getini. Nikasema nitakuwa nampokea mimi. Sasa nisipokuja, nani atampokea? Halafu ukishafika getini kila siku asubuhi yote ile, aa, si utaingia tu darasani?"

Na ule mpango wa kuacha shule?

"Nilimwambia Mama Zamu wiki ya tatu. Tulilia kidogo, tukacheka sana."

"Mimi ndiye namfundisha," anadakia Chiriku.

"Unamfundisha nini?"

"Kuhesabu. Lakini anajuajua."

Tangu siku hiyo Mama Zamu huwaita wawili wawili, mkubwa na mdogo. Mwenye la siri hubaki nyuma, au hurudi baada ya masomo na mlango hufungwa.

Saa nane inafika. Kamati inaketi kwenye chumba cha walimu, daftari za kusahihishwa zimesogezwa ukutani. Mama Zamu amekaa mwisho wa meza, mikono mapajani kama mwanafunzi aliyeitwa kwa mkuu. Mwalimu wa hisabati anasimama wa kwanza, karatasi mkononi.

"Nimepiga hesabu upya," anasema. "Wakienda wawili wawili, saa mia na mbili zinakuwa hamsini na moja. Bado ni nyingi. Lakini heri nusu shari kuliko shari kamili. Mimi sipingi tena."

Kicheko kinapita mezani, ila macho yote yanamwendea mjumbe mmoja, fundi wa kuchomelea vyuma. Ni baba yake Mlingoti. Mwaka jana aligonga meza hii hii akiuliza binti yake ana wazimu gani hata aitwe kwa mshauri, na akasema kikikaa kikao cha kuzifuta zamu atanyoosha mkono wa kwanza.

Fundi anainuka taratibu.

"Mwaka jana nilisema maneno," anaanza. "Nayameza. Miaka mitatu mwanangu alimuuguza mama yake. Nilimwambia ahsante mara moja tu. Sikumuuliza kama amechoka. Wiki iliyopita akaniuliza yeye, 'Baba, na wewe ulikuwa unaogopa?' Nikatoka nje nikajifanya natafuta koleo."

Hakuna anayecheka. Mwalimu mkuu anavua miwani na kuifuta, ingawa haina vumbi.

"Nasema ziendelee," fundi anamalizia. Kisha anamgeukia Mama Zamu. "Ila nina swali. Mzazi naye anapata namba?"

Mikono inapanda, yote kumi na mmoja. Mama Zamu analia waziwazi, bila kujificha, na mwalimu wa hisabati anampa leso yenye chaki inayomwacha na alama nyeupe shavuni. Mama Zamu anasema anataka mwakani awe na mshauri wa pili, maana mmoja kwa watoto 612 ni kuwaibia. Na kuanzia wiki hii Jumamosi zitakuwa za wazazi, dakika kumi kila mmoja, hata asiye na shida.

Hapo hapo anararua kikaratasi, anaandika namba moja, na kumkabidhi fundi.

"Nije na nini, mwalimu?" anauliza fundi, akikikunja kwa uangalifu.

"Njoo na binti yako," anasema Mama Zamu. "Bado anasubiri jibu."