Mwaka Tuliofukia Ngolo

Sisi Wamatengo tunalima milima kwa mashimo. Mwanamume anafyeka majani na kuyapanga miraba miraba, mwanamke anachimba katikati na kuyafunika kwa udongo. Shamba zima linabaki na mashimo, ndiyo ngolo, na mazao yanaota kwenye kingo zake. Nilikuwa bibi harusi mpya pale Mapera, nimetoka shule juzi tu, na ngolo zilinikera. Nusu ya shamba imekaa tupu!

Ndiyo kwanza soko huria limeingia. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wanapanda mpaka mlangoni, na kila nyumba iliota bati na baiskeli. Nikamshawishi mume wangu tufukie ngolo zetu, tupande mahindi kila mahali, ya ziada tuuze. Alikubali upesi. Tulifukia siku tisa, tukiimba. Jumapili kanisani likasomwa somo la ubatili, kwamba mwanadamu ni pumzi tu na jasho lake ni kukamata upepo. Mimi nilikuwa napanga mistari ya mahindi kichwani.

Mama mkwe, ambaye shamba lake lilipakana na letu, hakutukataza. Aliuliza tu kama tuna uhakika. Nikamjibu kwa adabu ya mdomoni kwamba tunao.

Mvua kubwa ya kwanza ilipiga mchana. Nilitoka mbio, kanga kichwani. Shamba letu lilikuwa linateremka mtoni pamoja na mahindi yake machanga. Chakula cha mwaka mzima kilikuwa kinaondoka nikikitazama, nikalia kwa sauti. Kisha nikageukia upande wa pili. Ngolo za mama mkwe zilikuwa zinajaa moja baada ya nyingine, maji yametulia ndani, mahindi yamesimama wima. Nikasahau kulia. Sikuwahi kuona kitu kizuri namna ile!

Alikuja akasimama kando yangu, kalowa chapa.

"Mama, tuliona mashimo yamekaa bure," nikasema.

"Hayakukaa bure, mwanangu. Yalikuwa kazini."

Akanipa jembe lake. Mwaka ule tulikula kwake.

Somo lile liliporudi, wenzangu waliinamisha vichwa. Mwanadamu ni mtupu, msomaji akasema, na mimi nikakumbuka ngolo zilivyojaa maji, nikafurahi hata nikaona aibu. Viganja vyangu vilikuwa vimejaa malengelenge. Nilitamani misa iishe, kesho ifike, nirudi kuchimba.