Venuste Huchota Maji

Godeberthe alianza kujifunza Kiingereza akiwa na miaka arobaini na tisa, na msidhani alikuwa na kiherehere cha kizungu. Alikuwa akimtafuta mume. Miaka sita nyuma Venuste alikunywa uji wake, akaaga vizuri, akatoka Nakivale, kambi yao ya wakimbizi huko Uganda, kwenda mji wa Mbarara kubeba matofali, na tangu hapo hakuna aliyemtia machoni. Godeberthe alizunguka Nyamityobora, mtaa wa Mbarara, mlango kwa mlango na picha mkononi. Katika ofisi moja mjini, askari wa zamu alimwambia, "Mama, hapa tunaandika English. Wewe kuja na mtu ya kusema English." Alitoka pale amefura kwa hasira, akaapa kurudi na mdomo wake mwenyewe.

Basi kila Jumanne alasiri alikaa benchi la mbele katika banda la mwalimu Emery, Mkongomani wa Uvira mwenye sauti kubwa na kipande kidogo cha chaki. Emery hakufundisha kwa kitabu. Kila mwanafunzi alileta sentensi moja kutoka nyumbani kwake. Vitenzi vya kutenda vilikaa upande mmoja wa ubao: kuchota, kulima, kufagia. Vya hali vilikaa upande wa pili: kujua, kupenda, kuwa. Hivi vya pili, alisema, havina mwendo, vinakaa tu ndani ya mtu. Halafu vilikuwapo vile vikaidi, vinavyogeuka sura vikiingia wakati uliopita. Kitenzi cha kwenda ndicho kilichomtisha Godeberthe. Kikishapita, hakibaki na herufi yake hata moja.

Siku walipoanza wakati wa mambo ya kila siku, aliandika kwamba Venuste huchota maji. Emery alisahihisha herufi moja, akaipigia vema. Alidhani Venuste yuko Mbarara kazini, na Godeberthe hakumtoa katika dhana hiyo.

Asubuhi yake, jerikani aliyoiacha tupu mlangoni ilikuwa imejaa hadi mdomoni.

"Si mimi, mama," alisema Jocelyne, binti yake, akipiga miayo.

Kesho yake ilijaa tena, na siku zote zilizofuata. Jumanne ya pili Godeberthe aliandika kwamba Venuste hufagia ua. Alfajiri aliukuta ua umefagiwa, mistari ya ufagio ikikunja kuelekea kushoto. Venuste alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Godeberthe aliinama kutafuta nyayo. Hazikuwapo za mtu, wala za kuku. Nywele zilimsimama. Hata hivyo, tuseme ukweli, alifurahi. Aliyelala peke yake miaka sita hachagui sana anayebisha hodi. Jioni hiyo akaanza kuacha bakuli la uji kibarazani.

Perpétue, dada yake Venuste, aliuona uji ule. "Wifi," alisema, "tufanye kuganduka."

Kwa Warundi, kuganduka ndiko kumaliza matanga. Ukoo hukaa pamoja, hunywa, husema maneno ya mwisho. Marehemu huenda zake na walio hai hurudi kwenye kazi zao. Kusipofanyika, wote wanabaki njiani, mfu na mjane wake. Perpétue alikuwa ameliomba jambo hilo kwa miaka mitatu, na kila mara alipata jibu lile lile.

"Nionyeshe kaburi kwanza," alisema Godeberthe.

Jumanne ya tatu Emery aliingia wakati ujao. Alimwinamia Godeberthe kwa huruma ya mtu asiyejua anachogusa.

"Mama Jocelyne, leo andika ya kesho. Andika kama bwana yako ataingia mu nyumba. Ile inatulizaka roho."

Godeberthe aliandika jina. Akaandika neno la wakati ujao. Mkono ukagoma hapo, kabla ya kitenzi. Aliwaza kile kinachotembea bila kuacha nyayo kikivuka kizingiti, na Jocelyne amelala kwenye mkeka hatua mbili kutoka mlangoni. Akawaza pia uji. Kila asubuhi bakuli alilikuta vile vile, utando juu haujaguswa. Venuste aliyemjua yeye hakuwahi kuuacha uji upoe. Sasa alijua kwamba mumewe amekufa, na kujua kulikuwa kumekaa ndani yake siku nyingi. Aliweka kalamu chini, akatoka bila kuaga, akaenda moja kwa moja kwa Perpétue.

"Wifi, ita watu."

Jumapili baada ya misa walikaa kwenye ua ule ule, wakanywa pombe ya mtama kwa mirija kutoka chungu kimoja. Zamu ya mjane ilipofika, Godeberthe alisimama akasema kwa Kirundi kwamba Venuste alikuwa mume mwema. Alichota maji. Alifagia ua. Alikwenda. Kisha akalia kwa sauti, kilio cha miaka sita, na hakuna aliyemnyamazisha.

Jumatatu alfajiri jerikani ilikuwa tupu. Godeberthe aliichukua, akaenda nayo bombani.

Bomba lilikuwa likilindwa na Gisèle, Mkongomani aliyetoka kituo cha mapokezi cha Kabazana mwezi uliopita. Hawakuwa wakifahamiana. Gisèle alikitazama kitambaa chekundu ambacho Venuste alikifunga mpinoni zamani zile.

"Mama, hii jerikani ninaijua," alisema. "Ni ya yule papa wa mukono wa kushoto. Wewe ni muke wake?"

Godeberthe alishika nguzo ya bomba. "Umemwona?"

"Kila asubui mapema, mbele watu wengine bafike. Hasemake kitu. Jana tu ndiyo alikuya mangaribi, mikono mitupu, akaniaga. Akasema: kesho muke wangu atakuya yeye mwenyewe. Umusaidie kujitwika."

Gisèle akafungulia maji. Jerikani ilipojaa aliishika upande mmoja, Godeberthe upande wa pili, wakainyanyua pamoja mpaka kichwani. Ilikuwa nzito kuliko alivyoikumbuka.