Kurasa Nne Kabla ya Mlango

Jua limepanda kidogo tu wakati mgeni anapoteremka kwenye mto mkavu ulio chini ya mlima wa Nuu. Nyuma yake wanakuja ng'ombe waliochoka, ndimi nje. Wanawake walioinama kwenye mashimo ya maji wanainua vichwa.

"Hamjambo, mama zangu. Namtafuta Kalunde. Nimepata ujumbe njiani kutoka kwa Esha, binti wa Mzee Faki. Nimefuata kitabu."

Kalunde, msichana wa miaka kumi na tisa, yumo shimoni hadi kiunoni. Kata yake ya kuchotea inabaki hewani.

"Esha alisema mwisho wa mwezi."

"Harusi imesogezwa mbele. Ijumaa anapanda lori kwenda Mombasa, na anataka kwenda nacho. Ng'ombe wakishanywa, naondoka."

Mgeni huyo ni Mahamud, mchungaji wa ng'ombe wa biashara wanaotoka upande wa kaskazini kwenda sokoni Mwingi. Hajui kwamba amewakuta wanawake hawa wakiwa wamebakiza kurasa nne tu za kitabu hicho.

Kalunde ni mchota maji. Punda wake wawili hubeba madebe hadi kwenye mkahawa wa chai na nyumba za walimu. Aliacha shule darasa la nne, mama yake alipougua miguu. Tangu mvua zilipokosekana mwaka jana, nyumbani wanategemea kazi hii tu, na hakuna mwingine wa kuifanya.

Maji ya mchangani hayataki haraka. Ukichota kata chache, unangoja shimo litoe mengine. Miaka yote hiyo Kalunde alikuwa akingoja huku akiutazama mchanga. Wiki tatu zilizopita, Esha, ambaye baba yake alikuwa na duka hapa Nuu kabla ya kuhamia Mwingi, alikuja kuaga. Akamwachia kitabu cha hadithi, zawadi aliyopewa na baba yake.

"Nikituma mtu, mpe siku hiyohiyo," Esha alimwambia. "Hata kama uko katikati ya sentensi."

Kalunde alicheka, akaahidi.

Tangu siku hiyo, maji yanapojikusanya, yeye husoma kwa sauti, kisha hueleza kwa Kikamba. Wanawake walimkataza kusoma peke yake nyumbani. Naye alikuwa amewakubalia.

Hadithi yenyewe ni ya kijana Tamimu aliyeibiwa kivuli chake. Anaingia kwa mlango ulio ubavuni mwa mlima, anapanda ndege mwenye mabawa ya shaba, na kukitafuta kivuli hicho katika mji ulio chini ya ziwa.

"Ndege ndiye ninayempenda kuliko wote," anasema Kalunde. "Ana kiburi, lakini hamwachi mwenzake. Ila kuna kitu kinanisumbua. Tamimu amevuka jangwa mwezi mzima, na mwandishi hasemi alikunywa wapi."

"Alikunywa kwako," anadakia Kaluki, mama mnene wa shimo la jirani. "Na hakulipa."

Wanawake wanacheka. Kalunde anacheka pia, kisha anarudi kwenye hadithi.

"Mama yake Tamimu alibaki mlangoni. Kitabu kinasema hivyo tu, alibaki mlangoni. Mahali hapo nimeparudia mara nyingi. Tamimu anaondoka, na hakuna anayeuliza nani atachota maji. Mimi nikiondoka siku mbili tu, kwetu watakunywa nini? Lakini sasa nikiutazama mlima huu wetu, naona kama una mlango."

Anachotaka kujua ni kimoja: je, aliyekwenda mbali hivyo hurudi, na akirudi, hupokewa?

Hapa Nuu, shimo huchotwa na aliyelichimba. Yeye ndiye ajuaye mchanga wake umesimama vipi. Lakini leo Kaluki anaingia shimoni mwa Kalunde na kumpokonya kata.

"Wewe soma. Ng'ombe hawa nitawanywesha mimi."

Kalunde anakaa ukingoni na kufungua kitabu. Tamimu amepata kivuli chake. Amefika kijijini, yuko mbele ya mlango wa mama yake, ameinua mkono kubisha.

Kaluki naye anasimama kusikiliza. Anasahau alipo, anaegemea ukuta wa mchanga kwa uzito wake wote. Ukuta unaporomoka. Maji yanafukiwa, na Kaluki amebaki amezikwa hadi magotini.

"Nilitaka kusikia kama anafungua," anasema kwa aibu.

Hakuna anayemlaumu. Lakini ng'ombe wanalia, na mmoja amepiga magoti. Kalunde anakifunga kitabu, anakiweka juu ya debe, anaanza kuchimba upya. Hasimami tena mpaka ng'ombe wa mwisho anapoinua kichwa kutoka kwenye hori.

Jua limekwisha kuinama. Mahamud, ambaye naye alikuwa akisikiliza, anakwaruza mchanga kwa fimbo.

"Dada, nikikaa zaidi nitawapoteza hawa gizani. Lakini naweza kumwambia Esha sikukuona, kitabu kibaki kwako. Nani atajua?"

"Esha ataniuliza siku moja."

"Atakuwa Mombasa. Atakuuliza lini?"

"Nilimwahidi, Mahamud."

Kalunde ana mpango. Mdogo wake wa kike akipata nguvu za kuwaongoza punda, ataomba kurudi darasa la tano, hata kama atakaa na watoto. Anataka kusoma vitabu mpaka kurasa za mwisho.

"Mwambie ni kizuri," anasema. "Mwambie mwandishi angemtazama yule mama zaidi kidogo. Na mwisho sikuufikia. Akusomee, uje unieleze."

"Nitapita tena mvua zikinyesha."

"Zikinyesha."

Anakung'uta mchanga kwenye jalada, anakifunga kitabu ndani ya leso yake, anapiga fundo na kumkabidhi Mahamud. Ng'ombe wanapanda ukingo, vumbi linawafunika. Kalunde anarudi shimoni, anachota kata chache, kisha anakaa kungoja maji, mikono mitupu mapajani.