Baiskeli ya Umeme na Magoti ya Shangazi

Magoti ya shangazi yangu yalianza kumgomea wakati wa masika, lakini kilichomuuma zaidi ni kwaya. Alikuwa anaimba sauti ya pili kanisani kwetu Kakese tangu mimi sijui kufunga vifungo vya shati. Sasa mwalimu wa kwaya alikuwa ametangaza kwamba asiyefika mazoezini hataimba Pasaka. Atakaa kwenye mabenchi na waumini wengine. Kanisa si mbali, ila kwa magoti yale shangazi alikuwa akifika watu wanafunga mazoezi kwa sala.

Mimi nilikuwa nimerudi tu, kama ninavyorudi kila mara, bila taarifa. Niliacha shule mapema, nikapita kwenye mabani ya kukaushia tumbaku Katumba, kwenye mpunga wa Usevya, mwisho nikaangukia kwa fundi mmoja Tabora. Huyo alikuwa na baiskeli ya umeme iliyokufa, imeegemea ukuta. Nilishindwa kulala mpaka nijue inaumwa nini. Kumbe waya mmoja tu ulikatika ndani ya mshiko wa breki. Akaniambia niondoke nayo, amechoka kuitazama.

Niliishusha Kakese kutoka juu ya lori la mahindi. Ilikuwa baiskeli ya kike, isiyo na bomba la juu, rahisi kuvusha mguu. Shangazi akaizunguka.

"Inakula nini?"

"Umeme, shangazi. Unaichaji kama simu."

"Na mimi kazi yangu nini?"

"Unakanyaga kidogo, yenyewe inamalizia."

"Basi imemzidi marehemu mume wangu. Yeye alikuwa anaanza, namalizia mimi."

Siku ya mazoezi aliondoka mapema, nami nikabaki kifua mbele. Jioni akarudi kanuna. Mazoezi alikuta yameisha.

"Betri iliisha?"

"Nzima."

"Ulianguka?"

"Nianguke mimi? Nilikuwa nasalimia, baba."

Hapo ndipo nilipojiona mjinga. Kwetu mtu hamsalimii mkubwa wake akiwa juu ya baiskeli. Unashuka, unashika usukani, unatoa shikamoo, unauliza habari za nyumbani, za shamba na za kile kikohozi, halafu ndio unapanda tena. Na njia ile ya kanisani alasiri imejaa wazee nje ya nyumba zao, wanapukuchua mahindi. Nilikuwa nimewaza jinsi shangazi atakavyokwenda, sikuwaza atakavyoshuka. Na magoti yalimuuma kwenye kushuka.

"Si uwasalimie ukiwa juu?"

"Nimwamkie mtu mzima nimekaa juu kama mkuu wa wilaya?"

"Lakini na wewe ni mzee, shangazi. Washuke wao!"

"Wao wamekaa chini. Washuke waende wapi?"

Mazoezi yaliyofuata nilimfuata kwa miguu. Baiskeli haikuwa na kelele hata kidogo. Kuku hawakujisumbua kukimbia. Kwenye kona akakutana na mzee mmoja aliyehamia kutoka Katumba, mkulima wa tumbaku mwenye nyonga mbovu, naye yuko kwenye baiskeli yake ya kawaida. Wote wakafunga breki. Wote wakashuka, mmoja akilia "Yesu wangu," mwingine akisaga meno.

"Shikamoo, dada."

"Hapana, kaka. Shikamoo wewe."

"Mimi mdogo kwako!"

"Mdogo na hiyo mvi?"

Walipochoka kubishana umri, hakuna aliyepanda. Kila mmoja alimsubiri mwenzake atangulie, kwa heshima, walisema. Nikataka kuwapandisha.

"Mpandishe dada kwanza."

"Mpandishe kaka, ana nyonga."

Tukiwa bado tunasukumana, wimbo wa kufunga mazoezi ukasikika kutoka kanisani. Shangazi aliacha kubishana.

"Pasaka yangu ndiyo hiyo inaondoka," akasema.

Yule mzee akakuna kidevu. "Dada, tatizo ni kwamba tunakuona. Tusipokuona, unamsalimia nani?"

Nikapita nyumba kwa nyumba kupeleka wazo lake, na wazee wakalipenda kupita kiasi. Siku za mazoezi, shangazi akiwa anakwenda, wao wataipa barabara mgongo. Ambaye hajakuona hawezi kusema umempita. Wakati wa kurudi atashuka kwa kila mmoja, hata jua lizame.

Tulisahau kwamba baiskeli haina kelele. Bibi wa nyumba ya kwanza alichelewa kugeuka, macho yakagongana, shangazi akashuka. Kuanzia hapo ikabidi aimbe njia nzima ili wamsikie anakuja. Sauti ya pili ikiwa peke yake ni kitu cha ajabu. Unasikia kama mtu anatafuta ufunguo gizani. Lakini wazee waliizoea. Mwishoni alikuwa anapita kati ya vigoda vilivyoelekea ukutani, na migongo yote ikimwitikia. Mwalimu wa kwaya akawa anamkuta amekaa tayari, daftari la nyimbo mapajani.

Pasaka aliimba, mstari wa mbele, kiti nyuma yake endapo magoti yangekataa. Wimbo ulipoanza, wazee wote wa ile njia wakaitikia kutoka kwenye mabenchi. Walikuwa wanajua sauti ya pili tu. Waliiimba kwa nguvu zote, yule mzee wa Katumba akiongoza, mpaka sauti ya kwanza ikapotea kabisa na mwalimu akashusha mikono.

Shangazi hakushusha sauti. Akawapungia wazee mkono, wakaendelea.