Kalamu Isiyo na Wimbi

Mjukuu wangu anayeandika haya amesoma hadi chuo. Mimi sikuwahi kukalia dawati. Nimemwagiza aandike kama ninavyosema, asitie huruma mahali ambapo mimi sikuitia, na pale nilipokosea aandike kuwa nilikosea.

Kazi yangu ni kukereza miti. Nilijifunza ujanani katika karakana ya mgodi wa dhahabu wa Kiabakari, ambako tulitengeneza mipini ya sululu na makoleo. Mgodi ulipofungwa nilihamia Musoma mjini na mke wangu, tukapanga chumba chenye kibaraza nyuma ya soko, na hapo kibarazani nikaunda kerezo langu mwenyewe. Lilikuwa kerezo la watu wawili. Upande mmoja nilikaa mimi na patasi. Upande wa pili, hatua tatu kutoka kwangu, alikaa mke wangu akizungusha kwa mkono gurudumu la baiskeli lisilo na tairi. Ukanda wa ngozi ya ng'ombe ulitoka kwenye gurudumu lake ukaja kuuzungusha mti uliokuwa mbele yangu. Alipopumzika yeye, nami nilipumzika, kwa kuwa patasi haina kazi juu ya mti uliosimama.

Tulikereza miguu ya vitanda, vigoda, na miti ya kusukumia chapati. Kisha ikaja miaka ya foleni. Sabuni ilipatikana kwa foleni, unga kwa foleni, na vitu vingine havikupatikana hata kwa foleni. Siku moja mwalimu wa shule ya msingi alikuja kibarazani ameshika mrija wa wino mtupu, ameuzungushia karatasi na kuufunga kwa uzi.

"Fundi," akasema, "wino ninao, kalamu sina. Imepasuka, na madukani hakuna. Unaweza kuivalisha hii?"

Nilichukua kipande cha moyo wa mkwaju, nikakitoboa kwa keekee polepole kutoka pande zote mbili, nikakikereza hadi kikawa chembamba kama kidole cha mtoto, na mdomoni nikakivisha pete ya pembe ya ng'ombe. Mwalimu aliandika jina lake kwenye ubao wa ukutani, akacheka peke yake. Wiki iliyofuata walikuja walimu wanne. Baadaye walikuja makarani, mchungaji, na mfanyabiashara wa nguo aliyekuwa akipata mirija kutoka Sirari mpakani. Kila aliyejaribu kalamu aliandika jina lake kwenye ubao ule, nasi wawili, ambao hatukujua kusoma, tuliishi chini ya majina ya watu wa mji mzima.

Kalamu zile zilikuwa na alama moja. Mkono wa mtu unapozungusha gurudumu huongeza nguvu unaposhuka na huipunguza unapopanda. Kasi ile hupanda na kushuka, na patasi huiandika kwenye mti. Macho hayaioni, lakini ukipitisha kidole gumba unahisi mawimbi madogo sana, yanayopishana kwa kipimo kimoja toka mwanzo hadi mwisho. Wateja walidhani ni nakshi niliyoikusudia. Lilikuwa wimbi la mkono wa mke wangu. Sikuwahi kulisifu. Nilikuwa nikikohoa mara moja ili apunguze, na mara mbili ili asimame, na hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yangu kazini. Yeye alikuwa akizungumza kwa niaba yetu sote wawili.

Mwaka wa pili wa kalamu, habari ilifika kutoka kwao Butiama kwamba mama yake ameanguka na hawezi kuinuka. Mke wangu alifunga kitenge kimoja na sufuria moja, akambeba binti yetu mgongoni. Alisimama mlangoni muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Sijui nitakaa muda gani," akasema. "Na gurudumu je?"

Nilipaswa kumwambia kuwa gurudumu litamngoja. Nilikuwa na kazi ya watu kwenye kerezo, na nilikuwa na hasira ambayo hata sasa siwezi kuieleza vizuri. Nikamjibu, "Nenda tu. Gurudumu halikosi mtu."

"Haya, mzee," akasema, akaenda.

Gurudumu lilikosa mtu. Nilijaribu vijana wawili wa jirani. Mmoja alivuta kama anayeteka maji kisimani, mwingine alisinzia. Niliwafukuza wote. Kwa miezi kadhaa kerezo lilikaa kimya, na chumba kikawa na ukimya wa namna ambayo sikuwa nimeijua, kwa kuwa nilitoka kwa mama yangu nikaingia mgodini, na kutoka mgodini nikaoa. Nilikuwa sijawahi kupika ugali wa mtu mmoja. Mara zote ulibaki.

Hatimaye nilipanda lori hadi Bunda, kwa fundi cherehani mmoja, Mwislamu mtaratibu aliyekuwa na miguu ya cherehani iliyokufa. Nilimtengenezea miguu ya kitanda, akanipa ile miguu ya chuma pamoja na kikanyagio chake. Nilipoifunga kwenye kerezo, nikawa fundi wa kukaa peke yangu: mguu unakanyaga, mikono inashika patasi. Hatua tatu kutoka kwangu palibaki wazi. Mara nyingi nilikohoa mti ulipokwenda mbio, na mguu wangu mwenyewe ukapunguza.

Kwenda Butiama sikuweza. Mama mkwe alikuwa amelala ndani, na kwetu mwanamume haingii nyumba ambayo mama mkwe wake amelala, wala hasimami mahali ambapo huenda wakaonana uso kwa uso. Barua pia sikutuma. Watu wa kuniandikia walikuwa wengi, majina yao yalikuwa ukutani, lakini sikutaka mwanamume mwingine aandike maneno yangu kwa mke wangu, na kule Butiama mwingine amsomee. Kwa hiyo niliamua kumpelekea kalamu.

Niliifanya kazi ile kwa siku nyingi. Nilikusudia aione na ajue kwamba kazi haijafa na nyumba ya kurudi ipo. Mti ulikuwa mkwaju mweusi kabisa, pete mbili za pembe. Mguu wangu ulikuwa umekwisha kuzoea, na kalamu ilitoka sawasawa, isipokuwa sehemu moja karibu na pete ya chini, ambapo mguu ulijikwaa na patasi ikaacha kibonde. Karatasi ya msasa haikuwapo mjini. Nilichuma majani ya mti wa msasa, nikasugua kile kibonde mchana kutwa hadi kikapotea. Nikampa utingo wa lori la pamba lililokuwa likipita Butiama, nikamwambia amkabidhi mkononi.

Mke wangu hakurudi. Sikupokea neno.

Mwaka uliofuata mama mkwe alifariki, na sasa nilikuwa na ruhusa na wajibu wa kwenda. Nilipeleka blanketi ya maziko kama inavyompasa mkwe. Baada ya kuzika, mke wangu alinijia kwenye uzio wa minyaa, amenyoa nywele, amekonda. Binti yetu alijificha nyuma ya kitenge chake kwa kuwa alikuwa amenisahau.

"Kalamu nilipata," akasema. "Ni nzuri."

"Nashukuru."

"Na huyo anayekuzungushia gurudumu, hajambo?"

Nilidhani utingo amemsimulia kuhusu kikanyagio. Nilifurahi kwamba ameanza kwa mzaha, nami nikaona nimjibu kwa mzaha, jambo nililokuwa silifanyi.

"Hajambo. Hasemi, hachoki, na hajawahi kuniomba ruhusa ya kwenda kwao."

Alicheka kidogo, kwa pua. "Basi umepata. Mimi nilikuwaga nasema sana."

"Ulikuwaga," nikakubali.

"Mtunze."

"Nampaka mafuta kila Jumamosi."

Akamwinua mtoto na kurudi kwa wanawake wenzake jikoni. Mimi nilirudi Musoma nikiwa na moyo mwepesi. Nilidhani matanga yakiisha atakuja. Nilifagia hata ile sehemu yake ya kibaraza, nikaweka kigoda kipya.

Matanga yaliisha, mvua zikaja, watu wakavuna mtama. Kwa fikra zangu mwanamke aliyeondoka kwa miguu yake kwenda kuuguza hurudi kwa miguu yake, hafuatwi kama aliyekosewa. Yeye, kama nilivyokuja kuelewa, alikuwa akingoja kuona kama nitamfuata.

Ikaingia miaka ya ruksa, serikali ilipoachia biashara. Maduka ya Musoma yalijaa ghafla: sabuni za rangi, mitumba, kalamu za plastiki zilizofungwa kumi kumi. Walimu waliacha kuja. Mmoja aliyekuwa akinisalimia kila asubuhi alianza kupita upande wa pili wa barabara, nadhani kwa aibu, ana kalamu ya plastiki mfukoni. Sikumlaumu. Nilirudia miguu ya vitanda.

Katika miaka hiyo nilipata habari kwamba mke wangu ameugua homa siku nne na amefariki.

Baada ya maziko yake, dada yake, shemeji yangu, mwanamke mwenye ulimi mkali, aliniita pembeni akanipa kalamu ile.

"Chukua kitu chako, shemeji. Hakikuandika hata siku moja. Na mwanamke wako mwingine mbona hukuja naye?"

"Mwanamke gani?"

"Wa gurudumu. Usijifanye. Siku ilipofika hiyo kalamu, dada alipitisha kidole, akarudia, akarudia tena. Akasema, 'Huyu anazungusha vizuri kuliko mimi. Mkono wake hautikisiki.' Halafu wewe mwenyewe ukaja ukamwambia kwamba unampaka mafuta."

"Nilikuwa nasema kikanyagio," nikamwambia. "Chuma. Miguu ya cherehani."

Shemeji aliitazama kalamu mkononi mwangu. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa ulishindwaga nini kusema hivyo?"

Niliitia kalamu mfukoni, nikaenda kumchukua binti yetu.

Nikiwa kwenye lori la kurudi, binti yetu amelala mapajani mwangu, nilipitisha kidole gumba juu ya kalamu ile toka juu hadi chini. Nilitafuta karibu na pete mahali mguu wangu ulipojikwaa. Kama ningekiacha kile kibonde, kidole chake kingekikuta, naye angejua mara moja kwamba hapo hakuna mkono wa mtu, kwamba ni mimi peke yangu nahangaika. Lakini nilikuwa nimekisugua vizuri. Palikuwa laini kama kwingine.

Binti yule nilimlea, naye ndiye mama wa huyu anayeandika. Kalamu za mkono wa mke wangu niliziuza zote wakati ule, sikubakiza hata moja. Siku hizi watu huniletea kalamu za zamani niwabadilishie mrija, nami huipokea kalamu kabla ya salamu, nikaipitishia kidole.

Mwaka jana alikuja mwalimu mstaafu kutoka Kiabakari na kalamu ya mkwaju yenye pete moja. Ilikuwa na wimbi. Nilimwambia nitampa mbili mpya badala yake.

"Hapana, mzee," akasema. "Hii ina vijibonde, najua, lakini vidole vyangu vimeshaizoea."

Nilimwomba akae. Kazi ya kubadilisha mrija haihitaji muda mrefu. Siku ile nilimweka hadi alasiri, kalamu ikiwa mkononi mwangu.