Mume Wangu Alinitembeza Yazd Siku Ananirudisha kwa Baba

Hebu niambieni. Mwanamume anakwenda kumrudisha mkewe kwao, halafu njiani anasimamisha gari amtembeze mjini na kumnunulia faluda. Mmewahi kusikia wapi?

Wangu alifanya hivyo. Na mimi kwa akili zangu sikuelewa kitu.

Naitwa Shokufe. Mume wangu aliitwa Bahador. Nasema aliitwa, si kwamba amekufa, yupo mzima wa afya huko Bandar Abbas anaendesha winchi bandarini. Ila si wangu tena.

Tulikaa kwenye ndoa miaka sita, mtoto hakuna. Kila daktari tuliyemwona alisema hakuna mwenye kasoro, subirini tu. Mama mkwe naye kila akija, macho yanaanza kwenye tumbo langu ndiyo yapande usoni kunisalimia.

Siku moja nikamwambia Bahador, "Niache. Oa mwingine upate mtoto, sitakulaumu."

"Acha upuuzi, mwanamke."

Jamani, moyo wangu ulitulia! Siku nyingine nikamwambia tena.

"Shokufe, hayo maneno sitaki kuyasikia humu ndani."

Siku hiyo nililala usingizi mtamu mno.

Sasa sikilizeni. Sisi Wairani tuna ugonjwa mmoja unaitwa adabu. Mtu akikupa kitu, unakataa. Akikupa tena, unakataa tena. Akirudia mara ya tatu ndipo unajua kweli kimetoka moyoni, unapokea. Ukipokea haraka wewe mlafi. Hata mtoto mdogo analijua hilo.

Nami nilikuwa nalijua vizuri kabisa. Lakini utamu wa kusikia mume anakataa kuniacha ulinilevya. Nikamwambia mara ya tatu.

Bahador akaweka kijiko chini. Akanitazama mpaka nikaona aibu.

"Kumbe ni kweli unataka," akasema. "Basi. Sitakufunga kamba."

Nilitaka kupiga kelele. Sitaki! Nilitaka unikatalie! Lakini mdomo wangu uliolelewa vizuri ukasema, "Asante. Una roho nzuri."

Asante! Mtu anapewa talaka anashukuru.

Ndipo tukaianza safari ya kwenda Isfahan kwa baba. Masanduku yangu yote nyuma ya gari, jangwa kulia, jangwa kushoto. Tulipofika Yazd akapunguza mwendo.

"Tulale hapa leo. Yazd hujawahi kuiona, au siyo?"

"Sijawahi."

"Basi twende tukaione."

Tulipooana hatukwenda fungate. Harusi imekwisha leo, kesho yake bandarini wakamwita kazini. Sasa ndoa inakufa ndiyo tunatalii. Nilicheka kwa uchungu, nikafunga vizuri ushungi, nikashuka.

Jua la Yazd wakati wa kiangazi halina mzaha. Tukapata nyumba ya wageni ya kizamani, kuta za udongo, ua katikati na kibwawa kidogo. Mwenye nyumba alikuwa bibi mmoja mnene mcheshi, Bibi Turan.

"Hee! Nyie maharusi?"

Nikafungua mdomo nimkatalie. Bahador akaniwahi.

"Ndiyo, bibi. Wapya kabisa."

Nikamgeukia. Yeye anahangaika na begi, hanitazami. Bibi Turan akapiga vigelegele mpaka njiwa wakaruka, akatupa chumba kizuri kuliko vyote, kile kilicho chini ya mnara wa kunasa upepo.

Mlango ulipofungwa nikamuuliza, "Kwa nini umemdanganya bibi wa watu?"

"Anafurahi. Inatugharimu nini?"

Kisha akaenda kusimama pale upepo unaposhukia kutoka mnarani. Shati likajaa upepo, likamvimba pande zote.

"Njoo uone, nimenenepa!"

Nilicheka, jamani. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikakumbuka tunakokwenda, nikainuka nikafunga upya ushungi.

Jioni tukazunguka vichochoro. Pikipiki ikapita kwa kasi, akanivuta mkono. Ilipokwisha kupita, hakuuachia. Nami sikuuchomoa. Tukaenda hivyo hivyo mpaka Msikiti wa Ijumaa, tukatazama ile minara miwili hadi shingo zikauma. Kama kuna siku nilimpenda yule mwanamume, ni siku ile. Nilimpenda kuliko hata siku ya harusi.

Tukala faluda. Tulipotaka kulipa, muuzaji akaweka mkono kifuani. "Ah, nyie wageni wangu, leo bure."

"Haiwezekani, baba, pokea."

"Wallahi sipokei."

"Tafadhali, kwa ajili ya wanao."

Mara ya tatu akapokea, wote roho kwatu. Ndivyo tulivyo.

Asubuhi tukafungua kinywa uani, pembeni ya kibwawa. Mkate, jibini, tikitimaji. Bahador alikuwa hali kitu, anachezea ganda tu.

"Shokufe."

"Naam."

"Tukigeuza gari, turudi Bandar. Unasemaje?"

Moyo ulinilipuka paa! Hilo ndilo neno nililokuwa naliomba kwa Mungu njia nzima. Nikameza mate, nikasema, "Usijisumbue, Bahador. Tumeshakaribia."

Ndivyo nilivyofundishwa. Mara ya kwanza hupokei.

Akasogeza kikombe chake. "Si usumbufu. Mafuta yapo. Tunageuza tu."

Uliza tena, nikamwambia kimoyomoyo. Mara moja tu, mpenzi wangu, uone nitakavyokurukia.

"Baba ananisubiri," nikasema. "Usijipe taabu."

Nikainamisha macho, nikangoja.

Nilingoja. Nilisikia maji ya kibwawa yakidondoka. Nilisikia Bibi Turan jikoni akigombana na sufuria. Nilipoinua macho, Bahador alikuwa ameshasimama, anatafuta funguo za gari.

"Haya," akasema. "Tuondoke kabla jua halijawa kali."

Mpaka Isfahan nililia nimegeukia dirishani, naye akaongeza sauti ya redio ili nisione haya.

Baba alikuwa mlangoni. Akamkumbatia Bahador kwa nguvu, mpaka nikashangaa.

"Ingia ndani, mwanangu, chai ipo."

"Hapana, baba, njia ndefu."

"Ingia kidogo tu."

"Nisikusumbue."

Baba akamshika mkono wa shati. "Mwanangu, nakuomba. Ingia."

Akaingia. Akanywa chai yake, macho sakafuni. Nilisimama karibu na ukuta nikiwa na hasira ya ajabu. Kikombe cha chai kimeombewa mara tatu, mimi nimeombwa mara mbili!

Akaaga. Gari likaondoka.

Baba akabaki amesimama pale mlangoni, kisha akanigeukia. Sijawahi kumwona baba yangu amekasirika vile.

"Kwa hiyo umemkatalia."

"Nimemkatalia nini?"

"Kabla hamjaanza safari alinipigia simu. Alikuwa analia, Shokufe, mwanamume mzima. Akasema, baba, nampitisha Yazd nikambembeleze, nimpe fungate ambayo sikumpa. Akikubali tutageuza, hutatuona. Akikataa nitamleta kwako kwa heshima. Akaniapisha nisikwambie."

"Baba, ameniuliza mara mbili tu!"

"Mara mbili tu?" Baba akashika kichwa. "Wewe mtoto, ulipomwambia akuache ulimwambia mara ngapi?"

Hapo ndipo nikaelewa. Neno langu la tatu lilishamchoma mara moja, na hakutaka kulisikia tena. Alikimbia kabla sijamkatalia mara ya tatu.

Nikampigia Bahador simu.

"Umesahau kitu kwenye gari?" akauliza.

"Rudi, Bahador. Sitaki talaka. Nakutaka wewe."

Nasikia gari tu.

"Baba amekwambia," akasema.

"Ndiyo, lakini..."

"Nilijua. Wewe ni muungwana sana, Shokufe. Tangu nikujue hujamwacha mtu aondoke na aibu yake. Lakini usinionee huruma."

"Si huruma! Naapa kwa Mungu!"

"Asante, Shokufe mpenzi. Asante sana."

Akakata. Nchi ambayo kila mtu anaapa kwa ajili ya adabu, kiapo changu kingeaminiwa na nani? Nilipiga tena na tena, hakupokea. Mwisho kiburi kikanishika. Nikasema, nimeomba nimekataliwa, yatosha.

Tulikutana tena kwa msajili wa talaka. Amekonda, ndevu hajanyoa. Tukasalimiana vizuri. Akaniachia kiti cha karibu na feni.

Msajili akamuuliza kama ameridhia.

"Anavyotaka yeye," akasema.

Msajili akanigeukia. "Nawe, mama, umeridhia?"

Mjue kwetu bibi harusi huulizwa mara tatu. Mara ya kwanza ananyamaza, ya pili ananyamaza, wanawake wanacheka, ya tatu ndipo anasema ndiyo. Hata mimi nilifanya hivyo nilipoolewa na Bahador, na ile ya tatu nilijibu kwa sauti mpaka shangazi wakanifinya.

Kwa hiyo nikanyamaza. Neno hapana lilikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi. Nilimtazama Bahador, naye akanitazama, na ninaapa naye alikuwa anangoja. Nikasema moyoni, msajili akiniuliza tena nasema. Akiniuliza tena nasema.

Talaka wanauliza mara moja.

"Kunyamaza ni kuridhia," msajili akasema, akagonga muhuri.

Wenzangu, mficha uchi hazai. Adabu wapeni wageni na majirani. Mtu wako wa ndani mpe ukweli, tena umpe mara ya kwanza anapouliza, maana hujui kama atauliza tena.